Nilijiandikisha Kuomba, Nikajipata Kwa Maji

Rafiki yangu, wewe nakuamini, kwa hivyo vuta kiti ukae karibu, maana hii aibu yangu watu wa hapa Lugari wanaijua vizuri, wako hata wale wakikutana na mimi sokoni wananong'ona "mahali pakavu" halafu wanageuka kucheka (hiyo mahali pakavu utaielewa tu, ngoja tufike), na afadhali usikie kwa mdomo yangu mimi mwenyewe Mama Violet kuliko usikie kwa watu wenye wataongeza chumvi, ingawa nakuambia kweli, hii haihitaji kuongezwa kitu.

Hapa kwetu kuna bwawa. Zamani hii yote ilikuwa shamba ya mzungu mmoja, na bwawa lilikuwa katikati, upande huu wa chini ilikuwa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zimepangwa safu moja, na upande ule wa juu ilikuwa nyumba yake na nyasi yake imekatwa sawasawa. Mzungu alikuwa anaogelea hapo na wageni wake, lakini mtu wa laini hata kuosha miguu hakuruhusiwa, watu wetu walichotanga maji huko chini kwa mto mwenye ng'ombe wanakunywa. Papa yangu, aliitwa Musa, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wakati huo, bado kijana hajaoa. Sasa siku mzungu alifunga mizigo akaenda, kabla hata vumbi ya gari yake itulie, watu wa laini waliingia kwa hiyo maji na nguo zao, wanaume kwa wanawake, wakavuka mpaka kwa nyasi, wakakaa hapo wamelowa wakiangalia laini yao kutoka ng'ambo. Papa alituambianga hiyo siku ndiyo aliona nyumba yao mara ya kwanza kutoka mbali, na akashangaa vile ilikuwa ndogo.

Ndiyo maana kila mwaka watu wanaogelea mashindano kutoka laini mpaka nyasi. Kombe kubwa hakuna. Unavuka tu kwa sababu wao walivuka.

Na mimi kuogelea nilijua, usifikirie sikujua. Papa alinifundisha nikiwa na kama miaka nane, jioni baada ya kukamua (wakati huo ng'ombe ni wetu, tatu tu, lakini ni wetu), ananishika tumbo kwa mkono moja, anasema, "Piga miguu kama chura, Rispa. Hii maji mimi nilikatazwa. Wewe usiogope." Na ananiambia kila siku hiyo hiyo, "Shika upande wa mkaratusi. Upande ule mwingine mzungu aliweka seng'enge chini ya maji, na hakuna mtu alitoa." Hata sasa nikisikia harufu ya maziwa ya moto imechanganyika na matope, mimi narudi hapo, na mkono wa papa uko chini ya tumbo yangu.

Lakini shule hakunipeleka mbali. Ndugu zangu walienda, mimi nilibaki na ng'ombe, ndivyo ilikuwa, sina kinyongo na yeye. Nimejua kusoma nikiwa na miaka arobaini na mbili, kwa ngumbaru, ile masomo ya jioni ya watu wazima, kwa darasa ya nasari ya kanisa yetu, tumekaa kwa viti vya watoto magoti yakigusa kidevu, Mwalimu Nabwire anatuongoza, "Mama, fuata na kidole, usiruke." Hiyo neno usiruke aliniambia mimi zaidi ya wengine wote, kwa sababu mimi nikijua mwanzo wa neno na mwisho wake, hiyo ya katikati nilikuwa najijazia.

Mwaka huo wa mkasa, Pasta alisema Jumapili yenye inafuata baada ya mashindano, mimi ndiye nitasoma Neno mbele ya kanisa. Hakuna mtu wa ngumbaru alikuwa amewahi kusimama hapo. Mama Sarah, kiongozi wetu wa akina mama, hakupendezwa. Alisema mbele ya watu, "Tumngojee mwaka moja hivi, asije akatuaibisha na kutafunatafuna maneno." Pasta alisema tutaona vile anaendelea. Hiyo "tutaona" ilinikaa hapa kwa kifua. Wewe hebu fikiria mtu ameweka kidole chini ya hilo somo usiku na mchana mpaka karatasi imekuwa nyeusi, halafu anyang'anywe.

Sasa kosa lenyewe. Tukitoka ibada, nje kulikuwa na meza, na meza ina karatasi za mashindano, wapishi wanajiandika huku, wengine huku. Nikaona moja imeandikwa juu kwa herufi kubwa. Nikaanza: wa-o... mwisho ni ...a-ji. Waombeaji. Moyo ukafurahi, mimi kuomba ni kazi yangu, kila mwaka mtu lazima aombee hao watoto wasizame. Nikaangalia majina, yote ni ya vijana, kumi na tatu, nikasema ndani yangu, asante Mungu, vijana wa siku hizi wamerudi kwa maombi.

Mama Sarah alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa sauti ile tamu yake, "Nikusomee, Mama Violet?"

Hapo ndipo kila kitu kilianzia, rafiki yangu. Ningesema ndiyo, au ningeita Mwalimu Nabwire alikuwa hatua tano kutoka hapo, ingeisha. Lakini nikajibu, "Hapana, nimeona." Nikachukua kalamu nikaandika jina yangu kwa mstari wa kumi na nne, herufi zimesimama kama askari, nikampa yeye kalamu nikaenda kusalimia watu nikiwa nimejisikia sana.

Siku ya mashindano nilikuja na sare yetu ya akina mama, ile rinda ya bluu yenye kola nyeupe na kitambaa ya kichwa nyeupe, kitabu changu cha Neno kwapani. Msichana moja alikuwa anashughulika na majina, akashika mkono wangu akaandika 14 na wino. Nikafikiri hiyo ni zamu ya kuomba. Nikahesabu, watu kumi na tatu mbele yangu, nitapata muda wa kutuliza roho.

"Mama, umejiandaa?" akaniuliza.

"Nimefunga tangu jana asubuhi."

Akashtuka. "Haujakula? Utapata wapi nguvu?"

"Yangu inatoka juu."

Akaniangalia, akaangalia kitabu. "Na utavua hapa ama pale kwa miti?"

"Nivue nini?"

"Nguo."

"Msichana wangu," nikamwambia kwa upole, maana niliona hajalelewa vizuri, "mimi nafanyanga hii kazi nikiwa nimevaa."

"Sawa mama," akasema, na akaandika kitu kwa karatasi yake.

Wakatuambia tushuke kwa maji mpaka magoti. Nikashuka. Kwani kuna ubaya gani kuomba ukiwa ndani ya maji, si hata ubatizo ni hapo hapo tulibatizwa. Nimefumba macho nimeanza pole pole kumshukuru Mungu kwa uhai, nikasikia watu kando yangu wanarusha mashati, nikafungua jicho moja, nikaona nimezungukwa na vijana wa kaptura. Halafu yule mwanaume wa kipaza sauti akasema, "Waogeleaji wote, tayari." Akaanza kuita namba, mtu anainua mkono. Kumi na nne, nikajikuta nimeinua. "Kumi na tano. Namba kumi na tano, jina halisomeki. Kumi na tano yuko?" Hakuna.

Lakini mimi sikuwa nasikia kumi na tano. Nilikuwa nimesikia ile neno ya kwanza. Wa-o-ge-le-a-ji. Ilinipita kwa macho vile ilikuwa kwa karatasi, herufi moja moja, na hiyo ge yenye nilikuwa nimeruka ikakaa katikati ikiniangalia.

Nikageuka. Huko ukingoni kanisa yote iko, Pasta na kofia yake, Mwalimu Nabwire amefinya macho kwa sababu ya jua akijaribu kuelewa, Baba Violet bwana yangu amesimama mdomo wazi na mahindi ya kuchoma hajauma, na Mama Sarah chini ya mwavuli, mwavuli ameushusha mpaka uso hauonekani vizuri. Nikajua mara moja, huyo anacheka. Nikitoka sasa, mtu ataniuliza ilikuwaje, na nitasema nini? Kwamba sikuweza kusoma neno moja? Na Jumapili ni kesho kutwa?

Firimbi ikalia. Nikafungua kitambaa ya kichwa, nikaweka kitabu juu ya nywele, nikakifunga vizuri na mafundo mawili, na mimi nikaingia.

Maji ilikuwa baridi, lakini hiyo baridi niliijua. Miguu ilikumbuka kabla ya kichwa kukumbuka, piga kama chura, Rispa, na kwa muda kidogo, nakuambia ukweli wa Mungu, nilisahau watu. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa sijaingia hapo zaidi ya kuchota. Niliona mkaratusi kutoka chini kwa maji, vile nilikuwa nauonanga nikiwa mtoto, na nikafikiri, papa, niangalie.

Halafu rinda ikaanza. Ilishika hewa ikafura nyuma yangu kama chapati kwa kikaango, nikawa naelea tu, mbele siendi, nyuma sirudi, watoto ukingoni, wakifikiri mimi ni mtawa kwa hiyo sare, wakaanza kushangilia, "Sista, peleka, sista, peleka," yaani niongeze mwendo. Njia ilikuwa imewekwa alama na mitungi ya plastiki imefungwa kwa kamba, kupitia upande wa mkaratusi, na akina mama wa kanisa walikuwa wamejipanga huo upande wote. Mimi na aibu yangu nikaona afadhali nijiepushe na macho yao. Nikapita chini ya kamba, nikageukia upande ule mwingine.

Wanaume wawili waliokuwa wanalinda, wamekaa juu ya tyubu ya lori, wakaanza kupiga kelele. "Mama, ludi. Ludi, huko iko waya."

Waya. Yaani papa aliniambia siku zote za utoto wangu, na mimi nikaenda hapo hapo. Kitu kikashika rinda kwa chini, nikavuta, ikavuta. Nikajigeuza, ikajizungusha zaidi. Hiyo seng'enge ya mzungu, mwenyewe ameenda zaidi ya miaka hamsini, ilikuwa bado inafanya kazi yake. Wale wa tyubu wakawa wanapiga maji na mikono kuja, tyubu inazunguka tu mahali pamoja, na mimi kichwa kimeanza kushuka, na nikafikiria kitabu kitalowa. Zipu ya nyuma ilikuwa imeharibika tangu Pasaka, nilikuwa nimeshikilia na pini (Baba Violet amesema mara ngapi niende kwa fundi, na siku hiyo uvivu wangu uliniokoa). Nikang'oa pini, nikatoa bega moja, nikatoa lingine, nikapiga miguu, na rinda ikabaki na waya, mimi nikaenda.

Sasa hapo lazima nikuambie kuhusu petikoti. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alishonanga petikoti na magunia ya sukari ya zamani, yale ya kitambaa, yanafuliwa mpaka yanakuwa laini kuliko kitu ya duka. Alinishonea moja nikiolewa, na kwa sababu ni mkono wake nilikuwa naivaa siku kubwa kubwa peke yake. Maandishi ya kiwanda hayatokagi, hata ufue na magadi. Lakini ni petikoti, nani ataona?

Nikatoka kwa nyasi upande wa juu, wa mwisho kabisa, wengine wameshajifuta na wamekula ndizi, watazamaji wengi wameshazunguka bwawa kwa miguu wakafika huko, matope mpaka kwa magoti, kitabu juu ya kichwa, petikoti imeng'ang'ania mwili. Niliteleza nikainama kushika nyasi. Na nyuma yangu, mtoto wa shule, sauti nyembamba, akaanza kusoma vizuri sana, hakuruka hata herufi:

"Su-ka-ri nyeu-pe. Ki-lo ha-msi-ni. We-ka ma-ha-li pa-ka-vu."

Rafiki yangu, hiyo kicheko ilitoka laini ikafika nyumba ya mzungu ikarudi. Baba Violet alikuja mbio na koti, lakini hata yeye nilimwona mabega yanatetemeka. "Kilo hamsini walikupunguzia," akaninong'oneza akinifunika, "mimi najua ni zaidi." Nilitaka bwawa linirudishe.

Wa kwanza kunyamaza alikuwa Kukhu Selina. Huyo ni nyanya mzee sana, alikuwa anafua nguo kwa mzungu, na wale waliovuka siku ile ya kwanza amebaki yeye peke yake. Alikuja na fimbo yake akanishika kidevu. "Wewe si wa Musa mkamuaji?"

"Ndiyo, kukhu."

"Alivuka hivi. Na nguo. Nguo yake ilibaki kwa hiyo waya." Akaanza kulia, na kucheka, sijui ni gani ilikuwa kubwa. "Alitoka hapa uchi wa mnyama, tukampa aproni yangu."

Papa hakuwahi kutuambia hiyo. Yule wa kipaza sauti akanikaribia, sauti imekuwa ya upole, "Kumbe mama ameogelea na nguo kwa heshima ya baba yake. Ni kweli, mama?"

Na mimi nikasema, "Ndiyo."

Nikasema ndiyo. Wakapiga makofi, wakanipa thamosi ya chai, Pasta akanishika mkono na mikono yake yote miwili akasema Jumapili hakuna mwingine wa kusoma isipokuwa mimi. Nilikuwa nimepata kila kitu nilikuwa nataka. Na hiyo siku mbili sikula vizuri, chai ya hiyo thamosi ilikuwa kama dawa ya malaria kwa mdomo. Nilikuwa nimemkopa papa yangu marehemu nifunike uwongo na yeye, mtu mwenye hakuniambia uwongo hata siku moja, ukitoa hiyo ya aproni, na hiyo hakudanganya, alinyamaza tu.

Jumapili ikafika. Nikaenda mbele, nikafungua kitabu (kilikuwa kikavu, rafiki yangu, ndicho kitu pekee kilifuata maagizo ya petikoti), nikaweka kidole. Somo nilikuwa nalijua hata nikifumba macho. Lakini nikaondoa kidole. Nikasema, "Kabla sijasoma. Ijumaa sikuogelea kwa sababu ya papa. Karatasi iliandikwa waogeleaji, mimi nikasoma waombeaji. Niliruka herufi. Nikaona aibu kusema, nikaingia kwa maji. Pasta, kama ni mtu mwingine asome, nitakaa chini."

Nikaona Mwalimu Nabwire ameweka mkono kwa mdomo. Na kwa kiti ya mbele, Mama Sarah akasimama. Nikasema basi, sasa ndiyo ananimaliza.

"Kumi na tano," akasema, akiangalia sakafu. "Kumi na tano ilikuwa mimi."

Hakuna mtu alielewa. Akasema tena, kwa sauti ndogo sijawahi sikia kwake. "Mama Violet aliandika, nikajua huyo hawezi kujiweka mahali pasipo pa maombi. Nikaandika chini yake. Wakati waliita, nilijificha kwa mwavuli. Kusoma sijui, nilimwuliza nimsomee nikijua atakataa. Hiyo miwani nasemanga nimesahau nyumbani, sina miwani. Asome yeye. Yeye aliingia kwa maji."

Pasta alinionyesha kitabu na kichwa. Na mimi nikasoma, pole pole, na kidole, sikuruka. Neno moja refu lilinishinda, nikainua macho nikauliza mbele ya kanisa yote, "Mwalimu, hii ni nini?" Akaniambia. Nikaendelea.

Siku hizi Mama Sarah anakaa kiti ya mtoto kando yangu kila Jumanne na Alhamisi, magoti yake ni marefu kuliko yangu na analalamika sana. Na kiangazi bwawa likipungua, ukisimama upande wa laini utaona kitu imening'inia kwa waya, ilikuwa bluu, sasa haina rangi. Watu waliniuliza kama waitoe. Nikasema waiache, hapo chini mahali fulani kuna nguo ya mkamuaji, isikae peke yake.

Mimi nimeapa, mbele ya Mungu, sitaweka jina yangu kwa karatasi kabla kidole changu hakijatembea kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na kikikwama nitauliza, hata kama ni mtoto wa darasa la pili mwenye nitauliza. Na wewe, kwa vile nimekufungulia roho yangu, nakuomba kitu moja. Hii habari usikae nayo. Iko mama mahali, kwenu ama kwa kanisa yenu, ambaye kila siku amesahau miwani. Mpelekee. Lakini usimwulize kama anajua kusoma. Kaa tu karibu na yeye, umsomee kwa sauti, na kidole chako kiende chini ya kila neno, pole pole, yeye akiangalia.